Mlango wa Futi Nne

Mlingoti alikuwa ameacha kujigonga kichwa. Zamani haikupita wiki bila utosi wake kukutana na kizingiti cha juu cha mlango wa kwao, akabaki uani akijisugua huku mama yake akimkimbilia na kitambaa cha maji baridi. Sasa aliingia na kutoka bila matata. Alianza kujikunja kabla hajaufikia mlango, akapita, na ndani akaendelea kujikunja vilevile, maana dari nayo haikuwa na huruma. Baba yake alifurahi sana kuona hivyo. Alisema kijana ameizoea nyumba.

Furaha hiyo iliishia zahanati. Walikuwa wamempeleka kwa sababu ya maumivu ya mgongo yaliyomfanya aamke kila asubuhi akikunja uso. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole mwenye mikono myepesi, alipitisha kidole kwenye uti wa mgongo wa kijana, akakipitisha tena, kisha akauliza swali jepesi kabisa.

"Huyu mtoto analala wapi?"

Baba alitazama sakafu. Alikuwa seremala, na nusu ya mtaa ilikuwa ikilala juu ya vitanda vya mkono wake. Mama ndiye aliyejibu kwamba analala kwenye kitanda chake cha utotoni, kwa ubavu, magoti yakiwa kifuani. Yule dada hakuwasema. Aliwaeleza tu kwamba mgongo haujaharibika, anahitaji mazoezi, kitanda kinachomtosha, na zaidi ya yote asimame wima.

"Akiendelea kujikunja mpaka amalize kukua," alisema, "mgongo nao utakubali hivyohivyo."

Walirudi nyumbani, baba na mama mbele, Mlingoti nyuma yao, amejikunja, macho chini.

Mtaani walimwita seremala huyo Futi Nne. Yeye na mkewe walikuwa wafupi kwa maumbile, wa ule ufupi unaowafanya watoto wa watu wasahau walikotumwa. Jina hilo alilipokea na kuliandika kwa rangi nyekundu juu ya karakana yake, kwa hesabu kwamba utani ukianzwa na mwenyewe, wengine wanabaki na mabaki. Alikuwa mtu wa maneno, mkali kidogo, mwenye kujivuna kwa kazi yake. Na kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa nyumba yake.

Aliijenga mwenyewe alipooa. Swichi, rafu, meko, madirisha, dari, vyote vilikaa mahali ambapo mkono wake na wa mkewe ungefika. Alipopigilia msumari wa mwisho alitangaza sheria moja tu: humu ndani hapandwi kitu. Tangu utotoni alikuwa amepanda ndoo, makreti, viti na mabega ya watu ili kuwasha taa au kuonekana mbele ya kaunta, na alikuwa amechoka. Mkewe siku hiyo alizunguka nyumba nzima akishika kila kitu, akilia na kucheka. Kuhusu mlango, Futi Nne alikuwa na raha nyingine ya siri. Aliuchonga kwa kimo chake, akaongeza kidogo kwa ajili ya kofia, na kila mgeni aliyekuja, awe afisa, awe tajiri, ilibidi aingie ameinama. Yeye alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, anatazama, moyo umesuuzika.

Kisha wakamzaa mtoto aliyewapita wote wawili kabla hajamaliza shule ya msingi, na ambaye bado alikuwa hajaacha kukua.

*

Wiki hiyohiyo alikuja karakana mteja wa kabati. Futi Nne alikuwa mlangoni, penseli sikioni, lakini macho ya yule bwana yalimpita juu kwa juu yakaenda kutua kwa Mlingoti, aliyekuwa amebeba ubao begani.

"Fundi, bawaba hizi mbona zinalia?"

"Fundi ni baba," Mlingoti alisema, akainama zaidi na kuonyesha kwa kidevu.

Yule bwana alitazama chini, akacheka, kisha akaomba radhi haraka. Akachuchumaa, akaanza kulieleza tatizo polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyepotea sokoni. Futi Nne alimsikiliza mpaka mwisho, akatia mafuta kwenye bawaba, akammwagia heshima zote anazostahili mteja. Gari la yule bwana lilipoondoka, hasira ya fundi ikamwendea mtu mwingine.

"Wateja wakija, kaa nyuma kule. Unaniziba."

Kijana alisema sawa, baba. Akaenda nyuma ya rundo la mbao, akaketi chini kwenye maranda, miguu ameikunja, kichwa kati ya magoti. Futi Nne aliendelea kupiga randa. Alikuwa na jambo lililomkaa moyoni siku nyingi. Njiani kijana hatembei kando yake kamwe. Anatembea nyuma, ameinamisha kichwa, kama mtu asiyetaka kuonekana yuko na nani. Mzazi hahitaji kuambiwa mara mbili. Mtoto anamwonea aibu.

Jioni Mlingoti aligeuka kuchukua chumvi, bega lake likafagia rafu nzima. Vikombe vya mama yake, vile vya wageni, vikaenda chini kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikapewa muda wake wa kupasuka.

"Hivi huwezi kugeuka kama watu?" baba alifoka. "Nyumba hii haikujengewa wewe!"

Mlingoti alipiga magoti akaanza kuokota vigae. Mama alimtazama mumewe kwa jicho ambalo Futi Nne angependa lingekuwa tusi, maana tusi angelijibu.

*

Habari zilimfikia mjomba, kaka yake mama, dereva wa lori, mtu wa kimo cha kawaida na moyo mweupe. Alikuja siku ya pili yake, akaingia ameinama, akakaa kwenye kigoda magoti yakiwa karibu na masikio. Alisifu chai, akauliza habari za kazi, akazunguka sana kabla ya kufika alikokuwa anakwenda.

"Shemeji, sikuja kukuvunjia heshima," alisema hatimaye. "Lakini kwangu kuna chumba. Dari iko juu, shule iko jirani. Mpe kijana nafasi akae kwetu mpaka amalize kukua."

Moyo wa Futi Nne ulilipuka paa. Alitaka kusema mtoto wangu haendi popote. Lakini kiburi kilimwahi mdomoni.

"Muulize mwenyewe."

Mlingoti alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, mkono juu ya kizingiti. Hakumtazama mtu.

"Nitaenda, mjomba."

Wakapatana aondoke Jumapili. Mama aliinuka akaanza kukusanya vikombe vya chai vilivyobaki, na vilikuwa bado vimejaa.

Mgeni alipoondoka, Futi Nne alimfuata mkewe kwenye cherehani. Mkewe alikuwa akiiunga suruali ya shule ya mwanawe kwa kitambaa cha rangi nyingine chini, kwa kuwa pindo lilishashushwa lote likaisha.

"Si unaona? Hakufikiri hata kidogo," alisema. "Ananionea aibu, ndiyo maana."

"Umemuuliza?"

"Jambo liko wazi. Nimuulize nini?"

Mkewe aliondoa mguu kwenye cherehani, akamshika mkono, akamkokota mpaka mlangoni. Pale kwenye mwimo wa kushoto, ule ubao wa kando wa fremu, palikuwa na alama za penseli, moja juu ya nyingine, kila moja na kijineno kando yake.

"Hii alipoanza kutembea," alisema akigusa. "Hii alipong'oka meno. Hii siku aliyonifikia mimi, ukanicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Na hii siku aliyokufikia wewe. Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu hakuna. Tangu siku hiyo hujampima tena."

Futi Nne alisema mkono ulikuwa haufiki, na humu ndani hapandwi kitu, yeye mwenyewe anajua. Mkewe hakubishana. Aliweka kidole juu ya alama ya mwisho akakiacha hapo.

"Basi mtoto wetu ameishia hapa," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Yeye alibaki amesimama mlangoni. Alijaribu kukumbuka kama kweli ni mkono uliokuwa haufiki. Stuli zilikuwa tele karakana. Ukweli ni kwamba siku ile alama ilipolingana na utosi wake mwenyewe, alifurahi hadharani na kuumia kimyakimya, na mwaka uliofuata alijifanya hamnazo. Kijana alisimama mara moja kwenye mwimo akisubiri, na baba akapita kwenda kazini. Hilo alilikumbuka vizuri sasa, na likamchoma.

*

Aliamua kumtengenezea kitanda. Hata kama anakwenda, alijiambia, hatakwenda kulala kwenye kitanda cha fundi mwingine. Tatizo lilikuwa vipimo. Alijua kwa kichwa urefu wa kitanda cha kila jirani, lakini wa mwanawe hakuujua. Basi alimwita karakana, akasafisha sakafu kwa mguu, akachukua chaki.

"Lala chini."

Mlingoti alilala kwenye maranda, magoti juu.

"Nyoosha miguu."

"Nimenyoosha."

"Nyoosha yote."

Akanyoosha. Ilichukua muda, kama kamba iliyokaa sana kwenye fundo. Mifupa ikalia, kifua kikafunguka, miguu ikaenda ikapita chini ya meza ya randa ikagusa sanduku la misumari. Futi Nne alilisogeza sanduku. Miguu ikaenda tena. Hakuwa ameujua urefu huo, yeye ambaye maisha yake yote ni kupima, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alikuwa anamtazama mwanawe kutoka juu. Uso wote ulikuwa wazi. Kidevuni ndevu zilikuwa zimeanza kuchungulia na hakuna aliyemwambia.

Alianza kuchora kuanzia miguuni. Alipofika begani chaki ilisimama.

"Mbona hutembei kando yangu?"

Hilo silo alilokuwa amepanga kusema. Mlingoti alitazama mabati kwa muda, na pengine kule kulala, bila kuwa na shingo ya kuinamisha, ndiko kulikomfungua.

"Nikiwa kando yako lazima uinue kichwa ndio unione," alisema. "Tukifika nyumbani unaishika shingo hapa nyuma, unaikanda. Nimekuona mara nyingi. Nikitembea nyuma unaongea tu mbele, huinui shingo."

Futi Nne alijikuta ameshika shingo palepale.

"Nikadhani unanionea aibu."

"Niliwahi," kijana alisema. "Wakati ule wa mkutano wa wazazi, wenzangu walipocheka. Iliisha, baba. Zamani."

"Basi kwa nini unakwenda?"

Mlingoti akachota maranda kwa kiganja.

"Ulisema nyumba haikujengewa mimi. Na ni kweli. Kila nikigeuka navunja kitu cha mama. Nikiondoka mtapumzika."

Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hapo ndipo baba yake alipovunjika moyo sawasawa. Angependa kijana apige kelele. Alikuwa amemhesabia mtoto huyu kiburi na dharau, kumbe mtoto alikuwa akijikunja miaka yote kwa kuionea huruma shingo ya baba yake. Na sasa alikuwa tayari kuondoka ili wao wapumzike.

"Lala vizuri," alisema. "Sijafika kichwani."

Akamalizia mchoro, nao ukapinda kidogo karibu na sikio. Mlingoti alifumba macho, akajifanya haoni.

*

Jumapili mjomba alikuja na pikapu ya kuazima. Alianza kujikunja toka uani kama kawaida yake, akapita mlangoni, akaenda ameinama mpaka katikati ya chumba, ndipo akasikia vicheko. Akainua kichwa polepole, kwa tahadhari. Hakukuwa na cha kugonga.

Dari haikuwapo. Mbao zake zilikuwa zimepangwa uani, misumari imeng'olewa, na juu kulionekana boriti na mabati, mbali kabisa. Kumbe nafasi ilikuwapo siku zote, ni fundi tu aliyeiziba. Mlango nao ulikuwa umeng'olewa, ukuta wa juu umebomolewa, vumbi la matofali limetanda hata kwenye sufuria. Na katikati ya mavumbi hayo alisimama Futi Nne juu ya stuli, ndani ya nyumba yake mwenyewe, patasi mkononi, mkewe ameishikilia miguu ya stuli huku akimkaripia na kucheka kwa pamoja.

"Shemeji, karibu," alisema. "Usiiname, utanivunjia mila mpya."

Rafu zilikuwa palepale zilipokuwa, swichi palepale. Hizo hazikuguswa, maana wenye mikono ya kuzifikia walikuwa bado wanaishi humo. Ila vikombe vilivyosalia vilihamishiwa kona ambayo bega la mtu haliwezi kuifikia hata likitaka.

Kitanda kilikuwa nje kivulini, kirefu, mbao zimesuguliwa mpaka zinateleza. Mlingoti alikuwa amesimama kando yake na begi lake, nguo zimeshakunjwa. Tangu alfajiri alikuwa amebeba matofali na kushika mbao kila alipoambiwa shika, na hakuuliza swali, wala baba yake hakueleza. Kubomoa kulikuwa rahisi kuliko kusema. Sasa Futi Nne alishuka, akajipangusa vumbi usoni na kuzidi kulipaka, akatoka nje mpaka mbele ya mwanawe. Akainua kichwa. Mlingoti, kwa mazoea, akaanza kuinama.

"Hapana. Kaa hivyohivyo. Shingo ni yangu."

Kijana akakaa hivyohivyo.

"Kitanda ni chako," baba alisema. "Ukitaka kwenda kwa mjomba wako tunakipakia sasa hivi, na sina kinyongo. Lakini usiende kwa ajili ya neno langu. Nilikosea. Nyumba hii niliijenga kabla sijakujua."

Mama alikuwa ametoka na ufagio, akasimama nao bila kufagia. Mjomba alichezea funguo za gari. Mlingoti alimtazama baba yake, akatazama lile tundu kubwa lililokuwa mlango. Kisha akaweka begi chini, akashika kichwa cha kitanda.

"Mjomba," alisema, "nisaidie kukiingiza."

"Na mafuta yangu ya gari nimeyachoma bure," mjomba alinung'unika, lakini alikuwa ameshashika upande wa pili, meno yote nje.

Kitanda kiliingia bila kugusa popote. Mama aliacha ufagio ukaanguka, akaenda jikoni peke yake kwa muda, akarudi macho mekundu akiuliza nani anataka chai, kana kwamba kulikuwa na mtu wa kukataa.

Kabla ya jua kuzama, fremu ilirudishwa. Mwimo wa kushoto Futi Nne hakuutupa. Aliukata juu, akauunga na kipande kipya, nusu ya huu ikilalia nusu ya kile, gundi na vigingi vya mbao, kazi safi ambayo hakujaribu kuificha. Chini mbao ilikuwa kahawia na imejaa alama. Juu ilikuwa nyeupe na tupu.

Alisogeza stuli, akapanda, akatoa penseli sikioni.

"Simama hapa."

Mlingoti alisimama, visigino kwenye mwimo. Akaanza kuinamisha kichwa, akajishika, akanyooka. Mtaalamu wa viungo alikuwa amesema itachukua muda mpaka mgongo usadiki.

Futi Nne alilaza penseli juu ya utosi wa mwanawe, na hapo akasita. Hakuwa amewahi kukiona kichwa hicho kwa juu tangu kilipompita. Katikati ya nywele kulikuwa na vikovu vidogovidogo, kimoja hapa, kingine pale, vingine juu ya vingine, mahali ambapo nywele hazikuota tena. Akavigusa kwa kidole.

"Hivi ni mlango?"

"Ni mlango, baba. Siku hizi haviumi."

Futi Nne aliuweka mkono wake wote juu ya vile vikovu, akauacha hapo kwa muda, mkewe akitazama kutoka chini bila kuharakisha mtu. Kisha akavuta pumzi.

"Basi simama vizuri," alisema. "Nataka mstari unyooke."